Karatasi Mbili za Mwalimu

Juzi shule ya mwanangu ilifungwa wiki mbili, mwalimu akawa anatuma masomo kwa simu. Nilikaa na mwanangu mkekani, yeye anachora herufi, mimi namsaidia kutamka, mara nikamkumbuka bibi yangu mzaa mama na nyumba yetu ya Kariakoo enzi za ruksa, serikali ilipofungulia biashara na maduka yakaanza kujaa vitu vya Dubai.

Nilikuwa na miaka mitano. Mvua zilikuwa zimefurisha bonde la Jangwani, kipindupindu kikaingia mjini, chekechea yetu ikafungwa. Mama alishinda sokoni akiuza kanga, kwa hiyo nikabaki na bibi. Kila Jumatatu mwalimu alipita, akasimama barazani bila kumpa mtu mkono, akaacha karatasi ya herufi za wiki. Bibi aliipokea kwa mikono miwili.

Asubuhi zetu zilinukia maandazi ya iliki. Bibi akichambua mchele, mimi nilizipanga chuya sakafuni zikawa nyumba na barabara, naye hakunikataza. Nje wachukuzi walipita na mikokoteni wakipaza sauti, "Kando! Kando!" Kisha bibi aliniambia, "Haya, soma karatasi yako."

Bibi alisoma Kurani vizuri kuliko mtu yeyote pale nyumbani, ila herufi za shule hakuzijua. Nililigundua hilo mapema, nikalitumia. Nilikuwa na hamu ya kwenda kuruka kamba uani, basi nikataja chochote kilichonijia mdomoni. "Ma, ka, bu!" Bibi akasema, "Mashallah," akaniongeza andazi.

Jumatatu iliyofuata mwalimu alikuja.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu."

Akanigeukia. "Hebu nisomee ya wiki jana."

Sikujua hata mstari mmoja. Mwalimu akamtazama bibi, bibi akanitazama mimi. Nilingoja kufinywa. Haikuwa hivyo. Alivuta ushungi wake, akasema taratibu, "Kosa ni langu, mwalimu. Herufi hizi mimi sizijui. Wiki hii niletee karatasi mbili."

Nilitamani anifinye tu.

Tukaanza upya, wote wawili. Jirani yetu Mhindi, mama mwenye duka la vitambaa ng'ambo ya barabara, alitupa maboksi matupu; bibi akayakata vipande, tukaandika kwa mkaa. Mwanzoni aliandika kutoka kulia kwenda kushoto, kama Kurani, nikacheka, naye akacheka. "Mkono una mazoea yake," akasema, akafuta kwa kiganja. Mwalimu alipopita alitusikiliza kwa zamu, mimi kwanza, halafu bibi, na bibi ndiye aliyekuwa na wasiwasi zaidi.

Jioni moja mama alirudi akakuta kipande cha boksi kimebandikwa juu ya mlango, kina jina la bibi.

"Nani kaandika?"

"Mwenye jina," bibi akajibu, akaendelea kukuna nazi.

Chekechea ilipofunguliwa nilikuwa nasoma maneno mafupi. Leo nyumba ile ni ghorofa la maduka, baraza hakuna, na jirani yetu alihama zamani. Bibi naye keshatangulia. Hakuwahi kumwambia mama kwamba nilimdanganya. Na mimi sikumwomba bibi radhi; nilidhani watu wazima hawaumizwi na mambo ya watoto.