Vidole Vinne na Kikao cha Baada ya Mavuno

Nianze na mkono, maana watu wanaokutana nami huutazama huo hata kabla ya kunisalimia. Mkono wangu wa kulia umebaki na kidole gumba tu. Vile vinne viliishia ndani ya mashine ya kupukuchua mahindi hapa Masanze, na mpaka leo sijui vilitupwa wapi. Nilimuuliza mume wangu mara moja, akasema magunzi ya siku ile yalichomwa yote. Sikuuliza tena.

Nilikuwa fundi cherehani. Sare za shule, magauni ya kwaya, mashuka ya mabinti wanaoolewa, vyote vilipita kwangu. Lakini mavuno yakifika cherehani hulala, kila mtu yuko na mahindi yake, na sisi wanawake tulikuwa tunakwenda kufanya kibarua cha kulisha mashine. Unamwaga mahindi mdomoni mwake, unayasukuma kwa mkono mpaka yafike kwenye ngoma ya chuma inayozunguka ndani, ambayo imejaa meno. Mdomo wa mashine ile ulikuwa mfupi. Ukisukuma kwa nguvu kidogo tu, umeshafika kwenye meno. Wote tulijua, na aliyesitasita tulimcheka, tukamwambia akalishe kuku nyumbani kwake. Mimi ndiye niliyekuwa nacheka kuliko wote.

Mwenye mashine alikuwa jirani yetu, tunasali naye kanisa moja. Aliinunua kwa mtu ikiwa imeshazeeka, na kila msimu anaipiga rangi ya kijani ing'ae. Nilipoumia ndiye aliyehangaika mpaka nikafika hospitali Kilosa, hilo simnyimi. Ila niliporudi nyumbani, wazee wa ukoo wa mume wangu walinifuata wakasema jambo hili litamalizwa kwa kikao, kwa sababu si vizuri kumburuza mahakamani mtu tunayeshiriki naye meza moja. Mwenyekiti wa kikao alikuwa shemeji yangu, kaka mkubwa wa mume wangu. Nilimheshimu mno. Aliwahi kuwa mzee wa baraza kwenye mahakama ya mwanzo, na akianza kueleza mambo ya sheria watu wote hunyamaza.

Kikao cha kwanza tulikaa. Mwenye mashine akasema yeye hakuitengeneza, ilitoka hivyo hivyo kwenye karakana huko Morogoro, waulizwe waliouchomelea ule mdomo. Shemeji akasema neno hilo ni zito, linataka utulivu, basi tukutane baada ya mavuno. Kwetu ndivyo ilivyo. Mvua zikianza hakuna anayekaa kikao, watu wote wako shambani, na jambo lolote la ukoo husubiri ghala lijae. Baada ya mavuno tukapata msiba. Mwaka uliofuata mwenye mashine alikuwa safarini. Kisha maji yakabeba mashamba ya bondeni, na nani angethubutu kuzungumzia vidole vyake wakati watu wamelala njaa? Kila nikiuliza naambiwa nivute subira, tutakaa. Nami, niliyefundishwa adabu shule ya misheni, nikaivuta hiyo subira. Nikikumbuka natamani kujizaba makofi.

Sikuwa nataka makubwa. Nilitaka waliotengeneza kile kitu wasimame mbele ya hakimu waulizwe kwa nini, na wanilipe fidia ya kunitosha kuanza kazi nyingine, maana cherehani kwa mkono wa kushoto nilijaribu. Nilishona sketi moja. Binti aliyeivaa alirudi nayo siku ya pili, akaiacha mlangoni kwa aibu, hakugonga hata hodi.

Mwaka wa tano tangu niumie, binti yangu alijifungua Mikumi, nikaenda kumlea. Siku moja natoka sokoni, nikaona pembeni mwa barabara mashine mpya za kupukuchua zimepangwa zinauzwa. Nilizitambua. Zilitoka karakana ile ile ya Morogoro, mwili ule ule. Lakini mdomo haukuwa ule. Hizi zilikuwa na trei refu kupita mkono wa mtu mzima, tena limefunikwa juu, hata ukitaka kuufikisha mkono kwenye meno huwezi. Nikamuuliza fundi aliyekuwepo kwa nini wameweka trei hilo.

"Zile za mdomo mfupi tuliziacha zamani, mama," akasema huku akijifuta grisi. "Zilikuwa zinakata watu."

Jamani! Walijua. Walijua, wakabadilisha zao za kuuza, na zile zilizokwisha kuuzwa wakaziacha huku vijijini zituchague mmoja mmoja. Hata mtu wa kupita kutuambia tuweke ubao wa kuurefusha ule mdomo hawakumtuma. Nikautoa mkono ndani ya khanga nikamwonyesha. Akampigia simu bosi wake, na jibu lililokuja ni kwamba mashine hiyo ni ya siku nyingi, imepita mikono mingi, garantii yake ilishakwisha. Nilimwachia kijana maneno ambayo mimi, mke wa mzee wa kanisa, sitakiwi kuyajua, nikaondoka.

Wiki ile ile nilipanda gari mpaka Kilosa, kwa mwanasheria mmoja wa kike anayesaidia watu bure. Alinisikiliza vizuri, akaandika, akaniuliza mambo ya maana. Akasema waliotengeneza wangeweza kushtakiwa, tena kwa maneno yale ya fundi tungekuwa na pa kushika. Halafu akauliza niliumia lini. Nilipomtajia aliweka kalamu chini.

"Madai ya namna hii ni miaka mitatu tangu ulipoumia, mama. Hata muda wa kuomba nyongeza umeshapita."

Nikamweleza kuhusu vikao. Akasema sheria haihesabu vikao. Nikamuuliza, na mashine nayo ina muda wake? Kuna sheria inayoiambia sasa imetosha, zimika? Maana msimu huu inanguruma pale pale, mdomo ule ule mfupi, na hakuna anayeiambia muda wako umepita. Kilichochacha ni malalamiko yangu tu! Akasema ananielewa. Sikutaka kueleweka. Nilitaka kesi.

Njiani kurudi sikuona hata nilikopita. Nilishuka, sikwenda kwangu, nikanyoosha kwa shemeji. Nilimkuta anachambua maharage. Nikampa shikamoo yake, akaitika marahaba, nikabaki nimesimama. Nikamweleza yote, ya Mikumi na ya Kilosa. Nilitegemea ashtuke. Hakushtuka. Aliendelea kutoa mawe kwenye maharage, na pale pale nikajua.

"Shemeji, ulijua kuhusu miaka mitatu?"

"Nilijua," akasema.

Hakujitetea kwa uongo, nampa haki yake. Akasema karakana ingeshtakiwa, mashine ingechukuliwa kuwa ushahidi, na mwenye nayo asingeleta nyingine hapa. Hiyo ndiyo mashine pekee tuliyo nayo. Akina mama wote wangerudi kupiga mahindi kwa fimbo ndani ya magunia, nusu yakaharibika kwa unyevu. Alipima, akaona mkono umeshakatika, haurudi, lakini mahindi huja kila mwaka. Kwa hiyo akasogeza kikao, akasogeza tena, mpaka alipojua siwezi tena kwenda popote.

Nilimwambia yeye ni mwizi. Nilimwambia ameniibia mara ya pili, na bora mashine, yenyewe haikunipa pole. Mkewe alitoka jikoni akasimama mlangoni na mwiko mkononi. Niliongea mpaka sauti ikakauka, naye akaniacha nimalize. Kisha akainua macho kwa mara ya kwanza, akaniuliza kwa upole kabisa, na upole huo ndio nisioweza kumsamehe:

"Na wewe, shemeji, miaka yote hii mahindi yako unapukuchulia wapi?"

"Pale pale," nikamjibu. "Kwa mkono mmoja ningepukuchulia wapi?"