Mrefu Kutoka Ziwani

Kila msimu wa mpira wa kikapu wa vyuo unapoanza, maneno hutangulia mpira. Mwaka ule nilikuwa nahodha wa timu ya wanaume ya chuo chetu, Mbinga, na wiki moja kabla ya mechi ya kwanza simu yangu haikupumzika. Mfungaji wetu bora amehamia chuo cha Songea. Wapinzani wameanza mazoezi ya alfajiri. Na sisi, eti, tumepata mrefu kutoka ziwani, upande wa Mbamba Bay.

Habari ya mrefu ilikuwa kweli. Aligusa chuma cha goli bila kukimbia. Kocha alisema yuko mwaka wa kwanza, lakini mimi sikumwona darasani wala bwaloni. Jioni moja tukifunga kamba za viatu, aliniuliza kwa sauti ya chini kozi ya ualimu inachukua miaka mingapi. Mwanafunzi gani huuliza hivyo?

Nikamfuata kocha.

"Shikamoo, kocha. Yule ni mwanafunzi wetu?"

"Marahaba. Wewe unataka kombe au unataka upelelezi?"

"Nataka tusifutwe kwenye ligi."

Msimu uliopita chuo kingine kilifutwa kwa sababu ya mamluki mmoja, mtu wa mtaani aliyevalishwa jezi. Kocha alicheka, akanirushia mpira.

Siku ya mechi, mashabiki wa Songea walianza na ndevu zake.

"Shikamoo, babu! Wajukuu hawajambo?"

"Marahaba, wajukuu zangu! Someni kwa bidii!" akawajibu, na uwanja mzima ukacheka, na mimi pia.

Nahodha wao hakucheka. Alimwendea mwamuzi, akaomba mrefu athibitishwe. Vitambulisho vya mwaka wa kwanza vilikuwa vimechelewa, havijatoka, hivyo ikawa kama kawaida yetu: maswali, papo hapo, mbele ya timu zote mbili. Mkuu wa chuo ni nani? Bweni lenu lina vyumba vingapi? Mrefu alijibu yote bila kusita, kama mtoto wa komunyo ya kwanza mbele ya padri. Wepesi ule ndio ulionitia wasiwasi. Mimi mwenyewe sikujua idadi ya vyumba.

Nahodha wao, ambaye binamu yake aliwahi kusoma kwetu, akauliza la mwisho.

"Asubuhi maji ya kuoga unachota wapi?"

"Bombani, nyuma ya bweni."

Wenzangu wakaangalia viatu vyao. Ilikuwa Juni, na kwa baridi ya Mbinga mwezi Juni hakuna anayeoga maji ya bomba. Chuoni kwetu unampasulia mpishi kuni, naye anakujazia ndoo maji ya moto jikoni. Wa mwaka wa kwanza unawajua kwa malengelenge ya viganjani. Nilijaribu kujiambia labda watu wa ziwani ni wagumu. Lakini huyu alikuja mazoezini na masweta mawili.

Mwamuzi akanigeukia. "Nahodha, ni kweli?"

Kocha alikuwa akinitazama.

"Bomba lipo," nikasema. "Ila sijawahi kumwona jikoni."

"Jikoni kuna nini?"

"Ndiko tunakochota maji sote."

Mwamuzi aliamua kwamba kwa kuwa mpira ulikuwa haujarushwa, timu ibaki, ila mrefu avue jezi. Aliivua, akaikunja vizuri, akanipa.

"Kaka, mimi kocha aliniahidi nafasi ya masomo Septemba. Akasema nianze kwanza kucheza. Kule nyumbani nimeacha kazi ya kuvua."

Hakuwa na hasira. Wiki nzima nilikuwa nikimchunguza yeye, viatu vyake, ndevu zake, maneno yake, na sikuwa nimejiuliza aliambiwa nini hata akaja.

"Kocha, hiyo nafasi ipo?"

"Ingia uwanjani. Tutaongea baadaye."

"Ipo au haipo?"

"Mambo ya udahili si yangu, bwana."

Kama si yake, aliahidi kwa mamlaka ya nani? Wenzangu wanne walikwisha kusimama katikati ya uwanja. Mwamuzi alipuliza filimbi, akapuliza tena. Nikaketi kwenye benchi karibu na mrefu, jezi yake magotini pangu, nikamwambia kocha kwamba sisimami mpaka amjibu yeye, si mimi.