Matofaa ya Mama Yangu Hayakuwa ya Wizi

Jumapili iliyopita, baada ya misa, msemaji mmoja alisimama mbele yetu akatuhimiza tufurahie mavuno ya matofaa na tununue mazao ya mashamba ya kwetu. Hadi hapo sikuwa na neno. Ndipo akaongeza kwamba tumshukuru yule setla wa zamani, Mzungu mwenye shamba, aliyewafundisha watu wa mlimani namna ya kuufanya mtofaa uzae. Watu wakapiga makofi. Mimi sikupiga. Wakati wa Mwingereza nilikuwa karani wa boma la Moshi, na uongo huo niliupiga taipu kwa vidole vyangu mwenyewe. Kwa hiyo naandika.

Mitofaa mitatu ilisimama katika kihamba chetu, yaani shamba la migomba na kahawa linaloizunguka nyumba. Marehemu baba aliileta ikiwa miche kutoka bustani ya misheni. Kwa miaka mingi haikutoa kitu ila majani. Padri alishauri ing'olewe. Mama akakataa, kwa kuwa ilipandwa na mumewe.

Kisha ukaja mwaka wa ukame. Sisi hufuga mbuzi ndani, na majani yao huletwa kwa kichwa. Nyasi za tambarare zilipokwisha, mama alipanda juu ya ile mitofaa akaipukutisha, jani baada ya jani, hadi ikabaki mifupa, akawapa mbuzi wakala. Majirani walimcheka.

"Mwaka ujao utawalisha paa la nyumba," wifi yake alimwambia.

Baada ya wiki chache matawi yale matupu yalichanua maua kila mahali, na maua yakawa matofaa. Mama hakuuita muujiza. Mwaka uliofuata aliupukutisha mti mmoja tu, kwa makusudi, akaiacha miwili. Ule mmoja ukazaa, miwili haikuzaa. Huo ndio ugunduzi, na mgunduzi ni yeye: mwanamke asiyejua kusoma, aliyelipima jambo lake sawasawa kuliko wengi waliotembea na kalamu mfukoni.

Sikatai kwamba siku za kuchuma zilikuwa za raha. Tulichuma kabla ya masika, asubuhi, kilele cha Mawenzi kikiwa wazi. Matofaa yetu yalikuwa madogo, magumu, mekundu shavu moja, na uchachu wake uliyafanya mataya yaume. Mama aliyafunga moja moja kwa majani makavu ya mgomba, akashuka na kapu hadi soko la Moshi. Wanawake wa mjini walimngojea.

"Mama wa matofaa, nichagulie yaliyo machachu zaidi. Nina mimba, matamu yananitapisha."

"Chukua haya. Mtoto akizaliwa amekunja uso, usije kwangu."

Habari ikamfikia bwana shamba wa serikali, mtu wa mlimani kama sisi. Alikuja, akamwamkia mama shikamoo, akauliza, akapanda mti, akaandika, akala matofaa mengi kuliko aliyoyahesabu. Mama alimweleza kila kitu. Baada ya mwezi mmoja ripoti yake ikaja mezani kwangu ili ipigwe taipu. Ilisema kwamba njia ya kupukutisha majani ilikuwa imegunduliwa katika shamba la yule setla, na kwamba hakuna shamba lingine mlimani lenye mitofaa izaayo. Nikaichukua nikamfuata.

"Umekula matofaa ya mama yangu," nilimwambia.

"Na yalikuwa mazuri kweli."

"Humu umeandika ni ya setla."

"Ndugu karani, nani atasoma ripoti yenye jina la mama yako? Setla ndiye anayekula meza moja na mkubwa wangu. Wewe piga taipu."

Nikapiga, kwa kuwa karani hana ruhusa ya kubadili maneno ya mwingine. Lakini niliandika ukweli katika karatasi ya peke yake, nikatia sahihi, nikaibana kwenye ripoti kwa pini.

Msimu uliofuata tangazo lilibandikwa sokoni. Lilitutaka tununue matunda ya wilaya yetu badala ya yale yanayoletwa kwa treni, na lilitaja shamba la setla kuwa ndiko pekee yanakotoka matofaa. Siku hiyo mama akashuka na kapu lake kama kawaida. Askari wa soko akamsimamisha.

"Haya umeyachuma kwa nani?"

"Kwangu."

"Kwako wapi? Hukuona tangazo? Matofaa yapo kwa setla tu."

Akamketisha chini, kando ya mtu aliyekamatwa na kuku wa wizi. Waliokuwa wakimngojea kila msimu wakakusanyika. "Kumbe mama wa matofaa ni mwizi!" mmoja alisema, na wengine wakalirudia neno hilo hadi kwenye vibanda vya samaki.

Niliitwa kutoka ofisini. Sikwenda moja kwa moja. Nilipitia kwa bwana shamba nikaja naye, maana yeye ndiye aliyejua. Tulimkuta mama amekunja magoti, ameshika tofaa moja mkononi, hamtazami mtu. Bwana shamba akainama akamnong'oneza askari. Askari akalirudisha kapu.

"Sema kwa sauti," nilimwambia. "Waliomwita mwizi walisema kwa sauti."

Akatazama viatu vyake. Mama alijitwika kapu akapita katikati ya watu wale wale, na hakuna aliyeambiwa kitu.

Jumamosi yake bwana shamba alipanda kwetu na jani la isale lililofungwa fundo, amelishika kwa mikono miwili. Kwa desturi yetu, aliyeletewa isale hakatai, lazima asamehe. Mama alilipokea.

"Nimesamehe," alisema. "Sasa vua viatu. Miti inangoja."

Akapanda. Aliipukutisha yote mitatu, jani baada ya jani, majirani wakiwa wamesimama kwenye mfereji. Wifi yake mama alikuwa mbele.

"Bwana shamba, hilo la kushoto umeliacha. Au ni la setla?"

"Liandike kwenye ripoti!" mwingine akadakia.

"Shuka polepole, usije ukagundua na ardhi!"

Mama hakucheka. Aliokota majani akawapelekea mbuzi. Mimi sikucheka pia, kwa sababu kelele ile ilikuwa ya mlimani, na mama alikuwa ameitwa mwizi mjini. Hakushuka tena sokoni na kapu hadi alipofariki. Matofaa yake tuliyala sisi na majirani, na yaliyozidi walipewa mbuzi.

Siku nilipoacha kazi na kukabidhi ofisi, nililifungua lile faili. Ripoti ilikuwamo. Karatasi yangu haikuwamo. Palibaki matundu mawili ya pini.

Isale lile aliletewa mama, na kusamehe ilikuwa haki yake. Mimi sikuletewa, na faili halikuletewa. Kwa hiyo namtaka msemaji wa Jumapili iliyopita asimame Jumapili ijayo mahali pale pale, na kipaza sauti kile kile, awaambie watu ni nani aliyeipukutisha mitofaa ya kwanza. Asininong'oneze mimi. Nimekwisha kuona mambo ya kunong'ona.