Herufi Mbili Nyuma ya Kopo

Asubuhi ile muuza oili alipofika kijiweni kwetu Mbugani, nilikuwa nimechuchumaa kando ya pikipiki ya mteja, mikono myeusi hadi viwikoni. Mimi ni fundi pikipiki. Kazi nilifundishwa na baba, naye aliifanya katika kibanda hiki hiki mpaka macho yake yalipoanza kufifia. Watu walidhani nitaishika mwaka mmoja, niolewe, niache. Niliolewa. Sikuacha.

Muuzaji alikuwa kijana mwenye shati safi na maneno ya upole. Alipanga makopo yake juu ya benchi, madereva wa bodaboda wakamzunguka.

"Hii ni ful sinthetiki, oili ya maabara tupu," alisema. "Ukiiweka leo, unaisahau mpaka kilomita elfu kumi. Inapunguza ulaji wa petroli. Injini iliyochoka inarudi upya. Na ni ya pikipiki zote."

Madereva walivutiwa, na siwezi kuwalaumu. Mtu anayeshinda akibeba magunia ya kakao kutoka Ndandalo, oili yake huwa nyeusi upesi, na kila kuibadilisha ni kupoteza safari. Mwenyekiti wa kijiwe akaniita.

"Fundi, njoo utuambie. Tununue?"

Nikafuta mikono, nikachukua kopo. Mbele palikuwa na picha ya pikipiki ya mashindano na maandishi makubwa ya Kiingereza. Nililigeuza. Baba alinizoesha hivyo tangu nikiwa najifunza kushika spana. Alikuwa akisema, "Mbele ya kopo ni mdomo wa muuzaji. Nyuma ndiko anakolazimika kusema kweli."

"Hizo kilomita elfu kumi," nikamuuliza kijana, "zilipimwa kwenye barabara gani?"

"Kiwanda ndicho kilichosema, dada."

"Kiwanda kimesema 'hadi' elfu kumi, kwa mazingira mazuri. Soma hapa. Matope yetu ya masika si mazingira mazuri."

Wachache wakacheka. Nikaendelea kusoma. Waliandika kwamba oili hiyo inafaa kwa viwango vya watengenezaji wa pikipiki. Hawakuandika kwamba yuko mtengenezaji aliyeipima akaikubali. Nikawaeleza madereva tofauti yake: hata mimi naweza kusema nafaa kuwa diwani, lakini bado sijapigiwa kura.

Kisha nikaona kijisanduku kidogo chini kabisa, na ndani yake herufi mbili: MB. Kitabu kilichokuja na pikipiki yangu nilikisoma ukurasa kwa ukurasa, kamusi ya shule ya binti yangu ikiwa pajani, na kinataka oili yenye herufi MA. Pikipiki zetu nyingi klachi yake inaogelea katika oili ileile ya injini. Plate za klachi, zile sahani zake nyembamba, lazima zishikane ndipo gurudumu lizunguke. Oili ya MB hutengenezwa iteleze zaidi, kwa skuta ambazo klachi yake ni kavu na imekaa mbali na oili.

Nilipowaambia hayo, kijana akatabasamu.

"Dada, hizo ni herufi tu. Oili nzuri ni utelezi, na hii inateleza kuliko zote."

"Hicho ndicho ninachokiogopa," nikasema. "Niuzie kopo moja. Nitaliweka kwenye pikipiki yangu, tuone."

Nikaliweka siku ileile. Siku nne za kwanza zilinitia aibu. Mjini kwenye tambarare pikipiki ilikwenda vizuri, injini imetulia, gia zinaingia kwa ulaini. Madereva walianza kuniangalia kwa jicho la huruma. Mimi mwenyewe nilijiuliza usiku na mchana kama sikuwa nimejitia ujuaji mbele ya watu.

Jumamosi nikafunga mifuko miwili ya saruji nimpelekee shangazi yangu Busale. Mwenyekiti akanifuata na pikipiki yake awe shahidi. Njia ilipoanza kupanda, injini yangu ikanguruma kama inakimbia, lakini pikipiki ikazidi kupunguza mwendo. Nikashusha gia. Ikanguruma zaidi, mwendo ukabaki uleule. Mwanamke aliyekuwa na ndoo ya mpunga kichwani akatupita akatusalimia.

Mwenyekiti akasema, "Shuka nijaribu mimi."

Akajaribu, ikamfanyia vilevile. Alihamishia mfuko mmoja kwenye pikipiki yake, tukafika kwa shangazi polepole.

Niliporudi nilimwaga oili yote, nikafungua klachi. Plate nikaziosha kwa petroli na kuzirudisha zilezile, maana nilitaka kibadilike kitu kimoja tu. Nikaweka oili nyingine, nayo ya sinthetiki, lakini yenye MA nyuma. Jumamosi iliyofuata nikabeba tena mifuko miwili, njia ileile, mwenyekiti nyuma yangu. Pikipiki ilipanda bila kulalamika. Nilitamani kilima kiwe kirefu zaidi.

Kijana aliporudi kutafuta wateja, mwenyekiti alimsimulia yote, mimi nikiendelea na kazi. Alisikiliza mpaka mwisho. Akachukua kopo lake, akaligeuza, akasogelea mwangaza akasoma.

"Na mimi niliuziwa maneno," alisema taratibu. "Hakuna aliyeniambia nigeuze kopo."

"Oili yako si mbaya," nikamwambia. "Wapelekee wenye skuta. Na ukimwambia mtu ataisahau mpaka elfu kumi, mwambie pia afuate kitabu cha pikipiki yake."

Alishukuru kwa adabu akaondoka. Tangu hapo, kabla hajaagiza mzigo mpya, huniletea kopo moja kwanza nilisome. Lingine nalikubali, lingine nalikataa, na akiniuliza sababu namwonyesha kwa kidole. Madereva nao wamejifunza. Siku hizi dukani Mbugani utamwona dereva amegeuza kopo, anatafuta kijisanduku, na mwenye duka anasubiri.

Baba huja kibandani kila asubuhi akakaa kwenye kigoda chake. Habari ya Busale aliisikia kwa watu, wala hakuniuliza. Aliniomba tu nimsomee maandishi ya nyuma ya lile kopo, yote, nikimtafsiria kwa Kinyakyusa. Nilipomaliza akasema, "Ndaga fijo, mwanangu," yaani asante sana, akaendelea kunywa chai yake.

Wiki hiyohiyo alikuja mzee kutoka Ndandalo, mteja wa baba wa miaka mingi, akisukuma pikipiki iliyokataa kuwaka. Hakunitazama. Alikwenda moja kwa moja kigodani.

"Nimekuletea kazi, fundi."

Baba akaelekeza mkono upande wangu.

"Fundi ni yule pale," akasema. "Mimi ni baba yake."