Baba alimshtaki aliyemvunja mguu, wakaenda mahakamani kwa lori moja

Wakuu salaam, na shikamoo kwa mlionizidi umri, ingawa humu ndani sidhani kama mpo wengi.

Nimesoma uzi wa yule kijana aliyegongwa na bodaboda, ndugu zake wakamwambia "yamalizeni nyumbani." Nimeshindwa kunyamaza. Hili la kwetu sikuhadithiwa na mtu, nililiona kwa macho yangu.

Ni Masumbwe, mwanzoni mwa miaka ya sabini. Mimi ndiye Milembe, mtoto wa kwanza, na wakati huo nilikuwa nimeshaolewa hapo hapo jirani na wazazi.

Ulikuwa msimu wa pamba. Baba amesimama nyuma ya godauni akisubiri mzigo wake upimwe. Lori la Mzee Lushinge, mtu wa Nyahanga kule Kahama, likarudi nyuma bila mtu wa kumwelekeza. Alikuwa analiendesha mwenyewe, na utingo wake alikuwa amekwenda kunywa uji.

Baba akabanwa mguu ukutani. Hospitali wakaukata juu kidogo ya goti.

Lushinge hakukimbia, hilo nampa. Alikuja na ndugu zake na mtamba wa ng'ombe, akapiga magoti mbele ya baba. Ng'ombe akachinjwa, tukala pamoja. Wazee wakatamka kwamba neno limezikwa, na atakayelifufua atatozwa mbuzi.

Baba naye akawaambia polisi kwamba yameisha. Kesi ya barabarani ikafia hapo.

Basi tukadhani tumemaliza. Nyama ikaisha, mguu haukuota.

Baba alikuwa mtu wa plau na maksai. Sasa akawa wa kukaa mlangoni anaangalia nyasi zinavyomeza shamba, mama anahangaika na jembe la mkono peke yake. Hospitali walisema mguu wa bandia unapatikana, lakini wa kuugharamia hakuwepo. Nilikuwa na hasira, wakuu. Hasira na ng'ombe yule hasa, maana kila nikifungua mdomo naambiwa "mlikula."

Siku moja muuguzi akaniuliza, "Kwani lile lori halina bima?"

Nikapanda gari hadi Shinyanga, ofisi ya bima. Afisa akanieleza vizuri tu. Bima ipo, ni third party, inamhusu hata mtu aliyesimama pembeni kama baba. Lakini hawatoi fidia mpaka mahakama iamue kwamba mwenye lori ana makosa.

Akaniuliza ajali ilitokea lini. Nilipomwambia, akahesabu miezi kwa vidole.

"Mama, mna bahati. Kwa sheria ya zamani aliyeumia alikuwa na mwaka mmoja tu wa kufungua madai. Wenu umeshapita. Ila sheria mpya inatoa miaka mitatu, na imeanza kabla mwaka wenu haujaisha. Msilale."

Nikarudi nyumbani mbio mbio na habari njema. Baba akanikata maneno.

"Nimshtaki mtu niliyekula naye? Milembe, unataka watu wanitemee mate?"

Wasukuma wenzangu mnajua kutengwa kulivyo. Una msiba, hakuna anayekuja na jembe. Baba hakuwa mkaidi, alikuwa anaogopa, na mimi nilimwelewa. Lakini huruma haitembezi mtu.

Nikaamua kwenda Nyahanga kwa Lushinge mwenyewe, bila baba kujua. Nikamwamkia, nikamweleza yote. Aliuliza swali moja tu, "Nitafungwa?"

Nikamjibu nilivyoelezwa, kwamba haya ni madai ya fidia, wala si jinai.

"Nenda, mwanangu. Nitakuja."

Hazikupita siku nyingi lori likaunguruma uani kwetu. Lushinge akashuka, akashusha na mbuzi. Akaomba wazee waitwe.

"Neno lililozikwa nimekuja kulifufua mimi mwenyewe," akawaambia. "Mbuzi huyu hapa."

Halafu akamgeukia baba. "Baba Milembe, nishtaki. Bima nailipia kila mwaka na haijawahi kunifanyia kazi hata siku moja!"

Watu wakacheka. Baba naye akacheka, mara ya kwanza tangu akatwe mguu.

Siku ya kesi Kahama walifika pamoja, mdai na mdaiwa, wamekaa mbele kwenye lori lile lile. Wakili wa bima akaona hiyo ni njama. Akasema pia kwamba mwaka umepita, na kwamba hawa walishapatana kwa ng'ombe.

La mwaka hakimu alilimaliza haraka, sheria mpya ilikuwa mezani kwake. La ng'ombe akamuuliza Lushinge.

"Mheshimiwa, ng'ombe alikuwa wa kuomba msamaha," akajibu. "Mguu sijaulipa."

Tukashinda. Baba akapata mguu wa bandia, na maksai wawili wa kurudisha shamba.

Nilichojifunza ni kwamba kupatana ni kwema, lakini hakufuti haki yako mbele ya bima. Msikimbilie kuwaambia polisi yameisha. Na ukiumia, uliza mapema una muda gani wa kudai, maana sheria hubadilika na aliyelala haamshwi. Sisi tuliponea chupuchupu.

Wanasheria mliomo humu, nirekebisheni kwa sheria za sasa. Na wengine, kwenu mtu akishakula ng'ombe wa pole anaweza kwenda mahakamani undugu ukabaki? Najua wapo watakaosema haiwezekani.

Hao nawaambia hivi. Miaka ya themanini Mzee Lushinge alifariki. Pale Nyahanga walimletea baba baiskeli wamsukume hadi kaburini, akaikataa. Alitembea nyuma ya jeneza mwanzo hadi mwisho, kwa mguu ule alioupata kwa kumshtaki marehemu.