Walivyotugawa Wheaton

Harufu ya iliki ikichanganyika na mafuta ya moto hunichafua roho hadi leo. Jumapili ile mama alikuwa akikaanga mahamri jikoni, katika fleti yetu ya Wheaton, huku ughaibuni, wakati wazee wanne wamekaa sebuleni kuimaliza ndoa yake. Baba alikuwa ameshahamia Springfield, ng'ambo ya mto. Kilichobaki kugawanywa ni sisi: mimi wa miaka kumi, na mdogo wangu Salim wa miaka saba. Tulikuwa zuliani tukicheza karata, na hakuna aliyetutoa. Watoto wa huku tulizoea kuulizwa kwa Kiswahili tukajibu kwa Kiingereza, nao wazee wakaamini kwamba hatuelewi.

"Semeni tu," ami, kaka yake baba, aliwaambia wenziwe. "Hawa hawajui Kiswahili." Basi wakasema. Mvulana akifika miaka saba ni wa babake. Msichana abaki kwa mamake. Mmoja akauliza kama hatutasononeka. "Watoto husahau, bwana," ami akajibu, akachovya hamri lake kwenye chai. Nilielewa kila neno. Nyimbo nilizobembelezewa zilikuwa za Kiswahili, ningeshindwaje kuelewa? Salim naye alielewa, kwani aliusogeza mguu wake ukagusa wangu, akauacha hapo. Wahenga wanasema kimya kingi kina mshindo mkuu. Changu hakikuwa na mshindo wowote. Nilinyamaza kwa adabu, adabu ile ile niliyofundishwa na watu waliokuwa wakinitenga na ndugu yangu. Mama naye alileta sahani ya pili bila kuinua macho. Ami alipomgeukia Salim na kumwambia kwa Kiingereza kwamba atakwenda kukaa na baba, mtoto alisema, "Okei."

Niliwakasirikia wote, mama akiwemo, na sijapoa. Watu huniambia yaliyopita si ndwele. Hii ni ndwele, na ningali nayo. Tulikua tukionana siku za Idi na kwenye harusi za watu, tukipeana mikono na kuulizana habari za masomo. Mwezi uliopita mama alilazwa hospitali. Mimi nilikuwa kazini, kwa hiyo Salim, sasa mwanamume mwenye ndevu na watoto wake, ndiye aliyewahi kufika. Muuguzi alimletea fomu ya chakula cha mgonjwa. Salim alinipigia simu nikiwa njiani kwenye foleni ya magari, akaniambia nisiharakishe, yeye atajaza kila kitu. Baada ya dakika tano akanipigia tena, akiwa ameshusha sauti ili mama asisikie. "Dada," akasema, "mama anapenda kula nini?"