Majani ya Migomba Juu ya Bati

Nakumbuka asubuhi ile tulipopanda juu ya paa la kaka yangu Deo kulifunika kwa majani ya migomba. Mwanangu, wewe uliyenisimamisha juzi baada ya misa ukaniambia umechaguliwa kwenda kusomea mambo ya anga, na kwamba nyumbani wanasema hiyo si kazi ya mtoto wa kike, kaa nikusimulie habari ya paa hilo. Mimi shule niliishia darasa la pili, lakini majina ya watu sisahau, na makosa yangu pia sisahau.

Ilikuwa wakati wa vita vya Kagera. Huku kwetu Muleba tulikuwa mbali kidogo na mpaka, lakini ndege za adui zilikuwa zinatupitia, na kila tukisikia mlio tulijitupa kifudifudi kwenye kibanja, katikati ya migomba, wazee kwa watoto. Balozi wetu wa nyumba kumi, Ta Kaijage, akatangaza kwamba kila mwenye bati linalong'aa alifunike, lisionekane kutoka juu. Deo alikuwa ameezeka mwaka uleule kwa pesa ya kahawa yake, na bati lile alikuwa akilitazama kama bibi harusi. Tukalifunika, mimi na mkewe Leokadia, na binti yao Kokushubira akitupitishia majani. Alikuwa na miaka saba.

Siku ya nne mtoto hakuonekana. Tukamtafuta hadi kwenye chemchemi, mama yake ameshaanza kulia. Kumbe alikuwa amepanda lile jabali la juu ya kijiji, peke yake, na ndege zilikuwa zimepita asubuhi ileile. Aliporudi nilimchapa fimbo mbili kabla hajafungua mdomo.

"Shangazi," akasema huku anajifuta machozi, "nyumba zetu zinaonekana kuliko mwanzo."

"Nani kakutuma kuangalia?"

"Majani yamekauka. Migomba yote ni kijani, mapaa ni kahawia. Nimeyaona yote kutoka kule juu, hata la Ta Kaijage."

Nikamwambia anyamaze. Mambo ya juu hayamhusu. Ndege ikija, kazi yake ni kulala chini na kufumba macho. Lakini Ta Kaijage alikuwa amesimama uani na alisikia. Kesho yake mzee yule, na goti lake bovu, alipanda jabali mwenyewe. Aliposhuka akatuita wote, akasema majani yabadilishwe kila baada ya siku mbili, mwenye uvivu ahame. Kisha akamwinamia mtoto: "Koku, hao marubani wangekuwa na macho kama yako, tungekwisha zamani." Watu wakacheka. Ilikuwa mara ya kwanza kucheka tangu vita vianze.

Vita vikaisha, tukayatupa majani, bati likang'aa tena. Tukadhani tumepona.

Halafu ukaja ule ugonjwa. Mwanzoni tuliuita Juliana, kama vile vitambaa vya magendo, kwa sababu waliotangulia kuugua walikuwa watu wa biashara na safari. Deo alikuwa ameanza kununua samaki kisiwani Goziba. Siku moja aliteremshwa kwenye boti amebebwa, na hakufika Krismasi. Leokadia akamfuata kabla kahawa haijachanua. Nikamchukua Kokushubira kwangu. Miaka ile, mwanangu, jembe lilishindwa kulima kwa sababu ya kuchimba makaburi. Na mimi nikajitengenezea hesabu yangu kichwani: kila aliyetoka hapa amerudi amebebwa. Aliyetulia kibanjani, mzima. Ndivyo nilivyoamini, ingawa hata waliotulia walikuwa wanakufa.

Kokushubira alikuwa amefanya mtihani wa darasa la saba wiki mbili tu baada ya kumzika mama yake. Siku moja mwalimu wake, Kamugisha, alikuja na bahasha. Koku alikuwa ameenda kuteka maji. "Ma Yustina," akaniambia, "amechaguliwa shule ya wasichana ya masista, Bukoba mjini. Hii ndiyo fomu yake." Nikamshukuru, nikampa ndizi mbivu, nikamsindikiza hadi njiani. Kisha nikaingia ndani, nikaiweka ile bahasha chini kabisa ya sanduku la kanga za marehemu Leokadia. Nilijua Koku hawezi kulifungua sanduku lile. Hata kupita karibu yake alikuwa hawezi.

Mwalimu alipohamishwa wiki iliyofuata, nilipumua.

Wenzake wakaanza kununuliwa ndoo na magodoro. Yeye akawa ananisaidia kumenya ndizi. Jioni moja akasema, bila kuinua uso, "Labda nilikosea hesabu zile za mwisho. Nilikuwa namfikiria mama." Nikasema, "Labda." Mwanangu, nimesema maneno mengi mabaya maishani, na mengine niliyasema kwa hasira nikayasahau. Hilo neno moja dogo bado nalisikia.

Ta Kaijage ndiye aliyekuja. Shule ilikuwa imefunguliwa wiki tatu zilizopita. Alikuwa amewazika wanawe wawili mwaka ule, Mutalemwa na Rwegasira, na alikuwa amekonda kama anayeumwa yeye. Hakukaa kwenye kiti nilichompa.

"Nimekutana na Kamugisha kwenye mnada," akasema. "Ananiuliza mtoto anaendeleaje huko kwa masista. Nimjibu nini?"

"Waitu, mzee wangu, huyu ndiye pekee aliyebaki kwa Deo."

"Najua. Mimi nimezika wawili, unadhani sijui?"

"Akitoka ataniletea maiti."

Mzee akaangalia juu, kwenye paa langu. Nami nilikuwa nimeezeka bati kufikia wakati ule.

"Yustina," akasema, bila ile Ma, kama anayemwita mtoto wake, "wakati wa vita nilikuambia funika bati. Vita vimekwisha. Mbona wewe bado unafunika? Umemfunika mtoto, na ulivyomfunika atakauka, na kila mtu ataona. Unajua nani alituambia kwamba majani yanakauka? Yeye huyo. Mtoto mdogo aliyepanda jabali wakati sisi wakubwa tumelala kifudifudi. Na wewe ukamchapa."

Akaondoka bila kunywa chochote. Kwetu hiyo ni adhabu tosha.

Nikalifungua sanduku. Nikamwita Koku, nikampa bahasha, nikasubiri anitukane. Aliisoma amesimama, midomo inacheza. Alipomaliza, hakuniuliza kwa nini. Alisema, "Shangazi, kumbe nilifaulu?" Basi. Uso wake ukafunguka, mwanangu, na mimi nikalia kuliko nilivyolia msibani.

Kesho yake tulipanda lori la kahawa hadi Bukoba, tukalala Hamugembe kwa binamu yangu Paskazia, ambaye alitupa godoro la mwanawe. Asubuhi tulifika shuleni. Sista mkuu alikuwa mwanamke mfupi mwenye miwani. Akaipokea fomu, akaangalia tarehe, akaangalia sisi.

"Wiki tatu! Leo jioni tungempa mwingine kitanda chake. Nani amechelewesha?"

Koku akaanza, "Sista, nilikuwa naumwa..."

"Ni mimi," nikasema. "Niliificha fomu."

Sista akavua miwani. Nilijua nimemharibia mtoto. Lakini akasema, "Mama, nina wasichana sita ambao hawajafika. Kila nyumba naambiwa mtoto amekataa. Wewe ni wa kwanza kuniambia ukweli." Akamgeukia Koku. "Umekosa sura mbili za fizikia. Utazimaliza?"

"Nitazimaliza, Sista."

"Haya, nenda ukatandike."

Nilirudi Muleba nikiwa mwepesi kama niliyetua gunia la kahawa mbichi kichwani. Nilipita kwa Ta Kaijage, na safari hii alikunywa chai. Alikunywa vikombe vitatu.

Kokushubira alisoma akapita Bukoba, akapita Dar es Salaam, akaenda ng'ambo. Ni mhandisi, anatengeneza macho ya setilaiti, zile zinazozunguka huko juu na kuitazama dunia. Miaka ya kwanza alikuwa mwanamke pekee kwenye chumba chao cha kazi, na wageni wakija walimwagiza chai. Alikuwa anaileta, halafu anakaa mbele na kuanza kuwafundisha. Sasa kiongozi wao ni mama wa watoto wanne. Kuna kijana asiyesikia, ambaye wanazungumza naye kwa mikono, na Koku anasema hakuna anayekagua nyaya kama yeye. Yuko mwingine wa kiti cha magurudumu. Nilimwuliza kama hao wote wanaruhusiwa. Akacheka: "Shangazi, huko juu hakuna ngazi ya kupanda."

Siku waliyorusha setilaiti ile aliyoifanyia kazi miaka minane, alinipigia mchana. Imeruka salama, akasema, lakini bado haijazungumza. Isipoitika, kazi yote imepotea. Nikachukua rozari. Mimi niliyelala kifudifudi kwa kuogopa kitu kipitacho juu, siku hiyo nilikaa uani, nimetazama juu, nakiombea. Chai yangu ikapoa. Simu ikalia.

"Shangazi, imeitika!"

Na nyuma yake nikasikia watu wazima wanapiga kelele kama watoto walioona senene wa kukamata na kukaanga.

Baada ya miezi kadhaa alinitumia picha kwenye simu ya mjukuu wangu. Kibanja chetu, kutoka juu. Jabali lile. Na katikati ya kijani, kitu kidogo cheupe kinang'aa.

"Hilo ni bati lako," akaniambia. "Usilifunike."

Mwanangu, nasaha yangu ni hii. Hofu ya wanaokupenda ni ya kweli, wameipata makaburini, usiidharau. Kaa nao, wasikilize, waache walie. Lakini hofu yao isikuzuie kwenda. Kama fomu yako iko sandukuni kwa mtu, iulizie. Wakikuagiza chai, peleka, kisha kaa mbele. Na mwambie mama yako aje kwangu Jumapili. Nitamweleza mwenyewe nililolificha, na jinsi nilivyopona nilipolitoa.

Nenda, mwanangu. Mungu akupe macho ya Kokushubira na ulimi wa kusema unachokiona. Akulinde uendako, akurudishe kwa miguu yako mwenyewe, na siku utakapotutazama kutoka huko juu, utukute tumesimama nje, nyuso tumeziinua.